Raia kubeba bunduki: sheria inasema nini, na kwa nini Ituri inaendelea kuuliza

Kila mara kijiji kinaposhambuliwa katika teritwari ya Djugu, swali linarudi kwenye simu za wasikilizaji. Askari wako mbali, adui iko na bunduki, mimi niko na panga tu. Kwa nini serikali hainipi ruhusa nibebe silaha nilinde watoto wangu? Mwingine anaongeza: si Rais mwenyewe aliambia vijana wajipange? Si Bunge lilipitisha sheria?

Swali hili si la wahuni. Linatoka kwa mama mwenye shamba, kwa motari wa barabara ya Bunia, kwa mchimbaji anayelala karibu na shimo lake. Kwa hiyo tunaweka hapa yale ambayo sheria inasema leo, yale ambayo sheria mpya ilibadilisha na yale ambayo haikubadilisha, pamoja na yale Ituri ilikwisha kuona kwa macho yake. Maana hapa kwetu jambo hili halianzi leo.

Sheria ya 1985

Sheria kuu ya silaha katika nchi yetu ni ya zamani. Ni sheria-amri namba 85-035, ambayo Mobutu aliitia sahihi tarehe 3 Septemba 1985. Msingi wake si mgumu kuelewa: katika Kongo, kuwa na bunduki si haki ya kila raia. Ni ruhusa inayotolewa na serikali. Bila kibali, hauwezi kununua silaha ya moto, kuiweka nyumbani wala kutembea nayo. Kibali chenyewe kina jina la mtu. Si cha familia wala cha kijiji.

Silaha za vita, kama AK-47 ambayo kila mtoto wa Djugu anaitambua kwa sauti yake, ni za jeshi na polisi. Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Mtu anasema, “nitaenda kuomba kibali cha hii bunduki niliyookota.” Hakuna kibali cha namna hiyo kwa raia.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka wa 2004, mwezi wa Aprili, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi, na nchi yetu ilikuwa kati yao. Katika itifaki hiyo, nchi zilikubali kuwakataza raia bunduki zinazopiga zenyewe mfululizo, na hata zile zinazojipakia zenyewe baada ya kila risasi. Kwa hiyo hata kama wadepite wa Kinshasa wangetaka kesho kupanua ruhusa ya kubeba silaha, AK-47 ingebaki nje, isipokuwa kama nchi ingevunja neno lake.

Katiba ya 2006 nayo ina vifungu viwili ambavyo watu wanavivuta kila mmoja upande wake. Kifungu cha 63 kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kutetea nchi na mipaka yake mbele ya tishio au uvamizi kutoka nje. Wanaotaka raia wapewe silaha wanashika hicho. Kifungu cha 190 kinamkataza mtu yeyote kuunda kikundi cha kijeshi, kikundi kinachofanana na jeshi, milisia ya binafsi, au kulisha vijana wenye silaha, na anayefanya hivyo anahesabiwa kuwa msaliti mkubwa wa taifa. Wanaopinga wanashika hiki.

Soma vizuri maneno ya kifungu cha 63: kutoka nje. Tutarudi hapo.

Juu ya korti, raia wengi hawajui kwamba kosa lililofanywa kwa silaha ya vita linapelekwa mbele ya korti ya kijeshi hata kama aliyelifanya hajawahi kuvaa uniforme. Hiyo ni sheria ya kawaida ya mahakama za kijeshi. Ilikuwako kabla jimbo letu halijawekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Mtu wa Mongbwalu anayekamatwa na bunduki ya vita chini ya kitanda, hata kama anaapa kwamba ilikuwa ya kujilinda tu, mashitaka yake yatasomwa na oditora wa kijeshi, si na parke ya kawaida.

Basi kujitetea ni kosa? Hapana. Korti zetu zinatambua kujitetea kwa halali: mtu akikushambulia sasa hivi, bila haki, nawe ukajibu kwa kipimo kinacholingana na hatari, huwezi kuhesabiwa kama muuaji. Lakini hiyo ni kinga ya kitendo cha dakika ile. Haikupi kibali cha kutunza silaha miezi sita ukimngoja adui.

Kilichobadilika 2022 na 2023

Tarehe 3 Novemba 2022, M23 ikiwa inasonga mbele katika Rutshuru, Rais Tshisekedi alizungumza na taifa. Aliwaomba vijana waingie jeshini, na akawaomba wananchi wajipange katika vikundi vya kukesha na kulinda, ili kusaidia majeshi. Maneno hayo yalisikika tofauti kila mahali. Katika Kivu ya Kaskazini, vikundi vilivyokuwa porini miaka mingi vilitoka vikijiita Wazalendo. Hapa Ituri, kila kikundi kilisikia kwamba ruhusa imetoka.

Mwezi wa Mei 2023 ikatoka sheria iliyounda Akiba ya Ulinzi yenye Silaha, ile inayoitwa RAD kwa herufi za Kifaransa. Hiyo ndiyo sheria ambayo watu wanaitaja wanaposema “Bunge liliturusu.” Inafungua mlango kwa raia wanaojitolea kusaidia jeshi. Lakini mlango huo una mwenye kushika funguo. Mtu wa akiba anakuwa chini ya jeshi na chini ya kamanda. Silaha anayoibeba ni ya serikali. Hakuna popote ambapo sheria hii inasema mtu abaki kijijini kwake, chini ya kiongozi wake mwenyewe, na bunduki aliyoinunua kwa pesa ya dhahabu.

Kwa hiyo kama mtu anakuambia kwamba tangu 2023 kila mzalendo ana haki ya kubeba silaha, mwulize: umeandikishwa wapi, kamanda wako ni nani, na bunduki hiyo iko katika kitabu cha nani? Kama hana jibu kwa hayo matatu, sheria ya 1985 na kifungu cha 190 bado vinamhusu.

Wanaotaka raia wabebe silaha wana sababu

Wengine wanawadharau watu hawa. Sisi hatuwezi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wa CODECO waliingia katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na kuua watu karibu 60. Wengi waliuawa kwa panga. Mwezi wa Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, na zaidi ya 40 wakafa. Mwezi wa Julai 2025, katika Komanda, ADF waliwaua waamini waliokuwa kanisani usiku. Hawa wote hawakuwa na silaha. Walikuwa wametii sheria. Mtu aliyezika ndugu zake akisema “utii huu ulitusaidia nini?”, hakuna jibu la haraka la kumpa.

Tena kuna mifano inayowapa nguvu. Mwisho wa 2008, LRA ya Joseph Kony ilipokuwa ikichinja watu Haut-Uele wakati wa Noeli, Faradje, Doruma na penginepo, zaidi ya watu 800 waliuawa katika majuma machache. Katika Bangadi, wakaaji walikuwa wamejipanga wenyewe, na pupu na mishale yao, na waliweza kuwarudisha LRA nyuma. Hawakungoja Kinshasa. Ng’ambo ya mpaka, katika Uganda, LRA ilipoingia Teso mwaka wa 2003, serikali ya Kampala iliwapa vijana bunduki, ikawaita Arrow Boys, na vijana hao wakisaidiana na jeshi waliwafukuza waasi katika eneo lao.

Na kuna Karamoja, ambayo inafundisha kwa upande mwingine. Serikali ya Uganda ilipoanza kukusanya bunduki huko mwaka wa 2001 na 2002, jamii zilizorudisha silaha zao zilivamiwa na majirani ambao hawakurudisha, wakachukuliwa ng’ombe. Mtu wa Djugu anayekataa kutoa bunduki yake kwa sababu kijiji cha pili hakijatoa yake anafikiri vilevile. Si ujinga. Ni hesabu ya mtu anayeogopa.

Wasikilizaji wetu wengine wanataja pia Marekani, kwa kuwa wanaona kwenye simu. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani sasa yanamruhusu mtu mzima kubeba bastola bila kibali, na kwamba Korti Kuu ya nchi ile iliimarisha haki hiyo mwaka wa 2022. Lakini kule haki yenyewe imeandikwa ndani ya katiba yao tangu karne ya 18, na dola haijapoteza barabara zake mikononi mwa milisia. Kwetu ni tofauti kabisa, na mfano huo haututoi mbali.

Ituri ilikwisha kujaribu

Sasa turudi kwenye maneno “kutoka nje”. Katika Kivu ya Kaskazini, anayepewa silaha anaambiwa adui ni M23 na wale walio nyuma yake ng’ambo ya mpaka. Katika Bangadi na katika Teso, LRA walikuwa wageni: hawakuwa na shamba pale, hawakuwa na binamu pale. Ukimwona mtu wa LRA unajua ni nani. Hapa Djugu, anayeogopwa mara nyingi ni mtu ambaye mlisoma naye shule moja. Soko ni moja, na hata shimo la dhahabu ni lilelile. Ukigawa bunduki kwa ajili ya kujilinda, unamgawia nani, na yeye atajilinda na nani?

Vita vya kwanza vilianza hivyo. Mwaka wa 1999 ugomvi ulikuwa juu ya mashamba makubwa ya Djugu, yale makonsesio. Kila upande uliunda vijana wa kulinda vijiji. Hakuna aliyesema anaunda milisia. Wote walisema wanajilinda. Silaha na mafunzo vilitoka kwa wakubwa, wakiwemo maafisa wa jeshi la Uganda lililokuwa hapa wakati ule. Katika miaka michache, vijana wa kulinda kijiji walikuwa wameshakuwa majeshi yenye majina: UPC, FNI, FAPC, PUSIC.

Wazee wa Mongbwalu wanakumbuka Novemba 2002. UPC ilishika mji kwa ajili ya dhahabu, na watu wakauawa nyumba kwa nyumba, Mongbwalu na Sayo. Padri Boniface Bwanalonga, mzee wa parokia, alikamatwa na kuuawa. Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Bosco Ntaganda mwezi wa Julai 2019 juu ya mambo hayo na mengine, ikimwona kuwa ndiye aliyempiga padri risasi mwenyewe, na akapewa miaka 30 ya kifungo. Mwaka wa 2003 FNI ikachukua mji, nayo ikatawala machimbo kwa namna yake: kodi, kazi ya lazima, na mauaji. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2005 juu ya dhahabu ya Ituri, ilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa katika eneo la Mongbwalu kati ya Juni 2002 na Septemba 2004.

Baadaye, kati ya 2004 na 2005, zaidi ya wapiganaji 15,000 wa Ituri waliingia katika mpango wa kunyang’anywa silaha. Bunduki zilizorudi zilikuwa chache sana kuliko watu waliokuja. Zilizobaki zilienda wapi? Zilifukiwa, ziliuzwa, zilirithiwa. Vita ilipoanza tena mwisho wa 2017, hazikutafutwa mbali.

Tena ilikuwa ileile. CODECO ni jina la koperative ya kilimo ya miaka ya 1970, na wanaolibeba leo wanasema wanalinda jamii yao. Zaïre ilitokea ikisema inalinda jamii nyingine dhidi ya CODECO. Leo anayetoka Mongbwalu kwenda kwenye kariere anajua bariere na jetoni. Unalipa, unapewa jetoni, unapita. Bunduki iliyoingia kwa jina la kulinda mama iko sasa barabarani ikimlipisha mama yuleyule. Tunadhani hili ndilo wanaounga mkono silaha kwa raia hawalipimi vya kutosha: bunduki haina mshahara. Anayeibeba kila siku lazima ale, na katika nchi ya dhahabu atakula kwenye shimo na kwenye bariere.

Teso yenyewe inasaidia kuelewa. Arrow Boys walipewa silaha na serikali, walifanya kazi pamoja na jeshi, na vita ilipopoa wengine waliingizwa katika vikosi vya serikali na bunduki zikarudishwa. Kulikuwa na mkono uliotoa na mkono uliopokea tena. Hapa kwetu ulikosekana huo wa pili, mara mbili.

Kama tunaunga mkono, tuunge mkono nini?

Wadepite wa Ituri wakirudi likizo ya Bunge, watu wanawauliza juu ya barabara na shule. Wawaulize pia juu ya RAD. Mlango upo katika sheria tangu 2023, lakini mtu wa kawaida wa Mongbwalu hajui aende ofisi gani, nani anamwandikisha, nani anamlipa. Pale serikali inaponyamaza, milisia inajibu kwa niaba yake.

Jambo moja tungependa liulizwe kwa nguvu: kama kikosi cha akiba kitaundwa Djugu, kitatoka katika jamii moja au kitachanganywa? Kikosi cha vijana wa jamii moja, wanaolinda kijiji chao wenyewe, ni kikundi kilekile cha 1999 kilichopewa karatasi. Kikosi kilichochanganywa Hema, Lendu, Nyali, Alur na wengine, chini ya afisa asiye wa hapa, na bunduki zenye namba zinazolala ghalani asubuhi, ni kitu kingine. Ni kigumu, ndiyo. Kinahitaji pesa na afisa mwaminifu. Lakini hicho mtu anaweza kukiunga mkono akiangalia makaburi ya pande zote.

Kenya ina polisi wa akiba katika maeneo ya wafugaji wa kaskazini, raia wa kijiji wanaopewa bunduki ya serikali, na wao pia wamesumbuka: kuna wakati serikali ilizikusanya bunduki hizo, kisha ikapanga kikosi upya, kwa sababu wengine walikuwa wakizitumia vibaya. Hata penye ofisi na vitabu, kazi haiishi.

Kama bunduki iko tayari nyumbani

Hili tunaulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini. Mpango wa serikali wa kupokea wapiganaji na silaha, P-DDRCS, uko tangu 2021 na unafanya kazi Ituri. Usitembee na bunduki peke yako barabarani ukisema unaenda kuirudisha. Askari wa bariere hajui nia yako. Zungumza kwanza na mtu mnayemwamini wote, chefu, padri, mchungaji, imamu au mtu wa sosiete sivile, yeye apange na wahusika namna ya kuipokea, na aseme mapema nani atakuja, lini, na kwa njia gani.

Pupu ya kuwindia ni jambo tofauti na AK-47, lakini nayo ni silaha ya moto. Mzee anayeilinda shamba lake dhidi ya nyani, au kijana aliyeirithi kutoka kwa babu, anahitaji kibali kwa jina lake mwenyewe, na kama anawinda nayo, kuna tena kibali cha kuwinda chini ya sheria ya uwindaji ya 1982. Karatasi ya babu, hata kama ina muhuri wa wakati wa Zaire na imetunzwa vizuri ndani ya plastiki, ina jina la babu.